Dada, kwao Apayao mto nao hukaa eda

Dada yangu,

Shikamoo, na pole tena. Nakuandikia hapa hadharani makusudi. Najua utasomewa na mwanao, nami nataka naye asikie.

Siku zile za msiba wa shemeji nilishinda jikoni hapa Muscat na Mfilipino mmoja wa kabila la Waisnag, kwao Kabugao, mkoa wa Apayao, kaskazini ya kisiwa cha Luzon. Nilipomwambia nimefiwa, hakuuliza marehemu aliugua nini. Aliuliza: "Alikuwa akivua wapi?"

Nikamweleza. Akaendelea kumenya vitunguu, kisha akaniambia kwamba kwao mtu akifa, jamaa zake huweza kufunga kipande cha mto au cha msitu. Wanaita lapat. Hapo havuliwi mkunga wala haukatwi mti, mpaka muda wa kilio uishe, na huo huweza kufika mwaka. Anayekiuka anatozwa. Siku ya kufungua watu wanachinja, wanakunywa basi, pombe ya miwa (usikunje uso, dada, nasimulia tu), na mto unarudi kuwa wa watu. Nikamwambia, kumbe mto wenu hukaa eda! Ikabidi nimfafanulie eda. Miezi minne na siku kumi aliiona michache.

Waifugao, kabila jingine la kusini zaidi, ndio wenye yale majaruba ya ngazi yanayopigwa picha kila siku. Waisnag wa jadi walikaa kandokando ya mito, wakifyeka na kuchoma kipande cha msitu, wakapanda mpunga wa mlimani: wanaume wanatoboa ardhi kwa mti, wanawake wanafuata nyuma na mbegu. Udongo ukichoka, wanahama shamba na kuuacha msitu urudi. Mavuno ni kazi ya wanawake, kwa kisu kidogo kinachofichika kiganjani, suke moja moja. Wewe uliyevuna mpunga unajua mgongo unavyosema hapo.

Mwaka 2015 kiota cha tai wa Ufilipino, ndege adimu mno, kilionekana Calanasan, mkoani humo humo. Mwaka 2024 UNESCO ikautambua mkoa kuwa hifadhi ya biosfia, yaani mahali pa kutunza viumbe na mazingira yao. Wataalamu wanastahili sifa zao, sikatai. Ila mimi nawafikiria wafiwa wote waliopita kando ya mto wenye samaki wakarudi nyumbani na kapu tupu, kwa heshima ya mtu mmoja.

Nyumba zao za zamani, binuron, husimama juu ya nguzo. Jamaa alinichorea moja nyuma ya karatasi ya oda. Paa lake ni kama mtumbwi uliofudikizwa, hata yeye anasema hivyo. Nikaitazama ile karatasi muda mrefu. Nilikuwa naona mtumbwi wa shemeji pale chini ya mkungu, kama mlivyoufudikiza siku ya maziko.

Sasa wewe mpwa wangu unayesoma: nimesikia mteja ameshapatikana na bei imeshatajwa. Mwambie asubiri. Nyavu nazo ziache palepale zilipoanikwa. Mama yako akitoka eda nitakuwa nimefika, likizo nimeshaomba, tutakaa sote barazani tuzungumze.

Dada, mwambie arudie kusoma hapo mwisho.

Mdogo wako,
Muscat