Kabla ya supu (mtihani wa marudio kwa waliofeli) kutufundisha

Mhariri,

Nimemaliza muhula wa kwanza wa mwaka wa pili hapa Dar es Salaam nikiwa nimekonda, ila sijutii. Masomo saba, majaribio mawili kila somo, na kazi za vikundi ambazo (waliopita chuo wanajua) wawili huandika na watano huweka majina.

Fedha za Bodi ya Mikopo, lile bumu letu, zilipoingia nilinunua simu. Kufikia wiki ya nane mlo wangu ulikuwa chapati maharage mchana, chai kavu usiku. Kumwambia mama niliona aibu. Mwenzangu wa chumbani huandika kila shilingi kwenye daftari. Mwaka jana nilimcheka. Sasa nami ninalo.

Gumu zaidi lilikuwa kuuliza. Kwetu kazi za muhula zina alama 40, mtihani 60. Nilipopata 9 kati ya 20 kwenye takwimu, nilikwenda kwa mhadhiri nikitetemeka. Akaniambia nilikuwa mwanafunzi wa tatu tu kubisha hodi muhula mzima. Darasa letu lina watu zaidi ya mia mbili!

Naomba wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya itenge hata saa moja kwa mambo haya, badala ya hotuba tupu.

Mwanafunzi,
Dar es Salaam