Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi: Ramani ya Mwamba na Mchanga, Kondoa

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana Kondoa. Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza.

Mheshimiwa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye vilima hivi vilivyoliwa na mmomonyoko. Miti imerudi, makorongo yangalipo. Mchanga wake umejaa kwenye mito ambayo kiangazi watu huchimba visima humo humo. Fundi wa bwawa la mchanga, yaani ukuta unaokatiza mto ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji, atakuuliza kwanza mwamba uko wapi, kwani ukuta usiokaa juu ya mwamba, maji yatapita chini yake.

Ndiyo maana tunachora ramani ya bonde letu kwa akili mnemba. Tunatembea na simu yenye GPS, tunagonga, tunaandika: hapa mwamba, hapa mchanga, hapa udongo mwekundu. Kompyuta inapewa pointi hizo, vipimo vya mwinuko, na picha za bure za setilaiti za Sentinel-2, zinazoonyesha ardhi kwa vipande vya mita 10 kwa 10. Programu hutengeneza miti mingi ya maamuzi, yaani ngazi za maswali ya ndiyo au hapana, kila mti ukapiga kura, na aina yenye kura nyingi ndiyo inayopakwa rangi. Pointi nyingine tunazificha, tuipimie programu baadaye.

Mwanzoni ilichanganya graniti iliyo wazi na mchanga mkavu, maana vyote hung'aa vikitazamwa kutoka juu. Tulipoongeza mteremko ikaanza kutofautisha: mchanga hulala, jiwe husimama. Mwamba uliofukiwa setilaiti haiuoni kabisa, kwa hiyo tunatafuta mahali unapochomoza kingo zote mbili za mto, kisha tunakwenda kuchimba.

Changamoto yetu kubwa ni kwamba pointi karibu zote ni za kandokando ya barabara, tunakofika kwa miguu baada ya vipindi. Milima ya mbali programu inaipaka rangi kwa ujasiri uleule, na huko hatuiamini.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kompyuta hatuombi. Ya maabara inatosha, ingawa huwaka kwa kubembelezwa. Tunaomba usafiri wa Jumamosi wa kutufikisha milimani, nyundo za kijiolojia, na utufikishie ombi letu kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma, tupate ramani ya miamba ya eneo hili tuilinganishe na yetu.

Tunaomba kuwasilisha.