Kabla ya kusaini hati, seminari na chuo vihesabu saa

Mhariri,

Seminari na chuo cha kanisa vikitaka kushirikiana, mara nyingi kazi huanzia mwishoni. Hati ya makubaliano husainiwa mbele ya askofu, keki hukatwa, picha hupigwa, kisha hati hufungiwa kabatini. Mwaka ukiisha, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyevuka kwenda kusoma upande wa pili. Nia huwepo, hesabu ndiyo inayorukwa.

Jambo lenyewe si geni pwani hii wala milimani kwetu. Kule Kiungani, Unguja, wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliwasomesha walimu na makasisi watarajiwa katika chuo kimoja. Chuo cha theolojia cha Walutheri kilianzia Lwandai, Lushoto, mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954, na leo ni chuo kikuu. Siku hizo hapakuwa na krediti, yaani kipimo cha uzito wa somo. Leo zipo, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120. Saa hizo si za darasani peke yake. Seminari nyingi huandika kwenye transkripti, yaani hati ya matokeo ya masomo, "saa 3 kwa wiki" na kuishia hapo. Kwa muhula wa wiki 15 hizo ni saa 45, kwa hiyo msajili wa chuo akizipiga hesabu anapata krediti 4 na nusu, anaona somo ni jepesi, analikataa. Kumbe frateri, yaani mwanafunzi wa seminari, amesoma maktabani saa nyingine 45, na ameandika insha na kujiandaa kwa mtihani kwa saa 30. Jumla ni saa 120, yaani krediti 12. Dawa yake ni karatasi moja kwa kila somo: malengo, mada za kila wiki, vitabu vya lazima, mgawanyo wa saa, na alama zinavyotolewa. Gombera, mkuu wa seminari, awape walimu wake likizo moja waziandike zote. Bila karatasi hizo, msisaini kitu.

Mtihani wa mdomo nao una kasoro yake. Ni desturi nzuri ya seminari, lakini mtahini wa nje anapofika hakuti kitu cha kupitia. Wakae watahini wawili, kila mmoja ajaze fomu yake ya alama kabla hawajazungumza, na maswali yahifadhiwe. Vinginevyo somo linaloshirikishwa lipewe mtihani wa kuandika.

Kuhusu ratiba, Pasaka ndiyo inayovuruga. Mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi, mwaka 2028 ni 16 Aprili. Muhula wa pili ukianza mwanzoni mwa Machi, Juma Kuu litaangukia wiki ya nne mwaka mmoja, na wiki ya sita au ya saba mwaka unaofuata. Anayenakili ratiba ya mwaka jana atapanga jaribio siku ya Ijumaa Kuu. Tena vyuo vya kanisa vina wanafunzi Waislamu, na Tanga mtu hahitaji kukumbushwa: kipindi cha pamoja kisiwekwe Ijumaa mchana, wala Jumamosi kwa ajili ya Wasabato. Ibada ya kanisani isiwe sehemu ya alama za mtu yeyote.

Kipi kivuke? Padri au mchungaji akipangiwa parokia hukabidhiwa sadaka, pengine na zahanati na shule ya awali, wakati hajawahi kufunga hesabu za mwezi. Uhasibu wa msingi na usimamizi wa miradi vitoke chuoni kwenda seminari. Seminari nayo iwafundishe Maandiko na maadili walimu watarajiwa watakaofundisha dini sekondari; wengi wao hutegemea walichokariri kipaimara.

Fedha zihesabiwe kwa wanafunzi mara krediti. Chuo kikifundisha waseminari 20 somo la krediti 12, ni vizio 240. Seminari ikifundisha wanachuo 12 somo la krediti 12, ni vizio 144. Tofauti ya 96 hulipwa kwa bei iliyoandikwa mapema. Posho ya mkononi kwa mwalimu mgeni huua mpango, kwa sababu haionekani kwenye vitabu, na mhasibu mpya akija anaifuta. Ni nafuu pia mhadhiri mmoja apande Lushoto kuliko vijana 20 kushuka, hasa masika, barabara ya Mombo inapoporomokewa na udongo.

Maktaba ndiyo rahisi: orodha moja ya vitabu kwenye Koha, programu ya maktaba isiyolipiwa, na kuazimana vitabu viwili kwa siku 14. Vya zamani vya Kilatini na Kijerumani vibaki rafuni. Unyevu wa Usambara umevitosha.

Kuna dogo linalochelewesha kuliko yote, nalo ni majina. Mtawa husajiliwa seminari kwa jina la kitawa, ilhali cheti cha kidato cha nne kina jina jingine. Msajili wa chuo atamrudisha. Majina yakaguliwe mwaka wa kwanza, na anayehitaji hati ya kiapo aipate mapema. Kadhalika walimu wenye digrii za Roma au Ujerumani waombe utambuzi wa TCU sasa, wasisubiri ukaguzi.

Tunaomba wanaopanga kuanza Oktoba waanze na somo moja tu, uhasibu, kwa muhula mmoja, na hati ya makubaliano isainiwe matokeo yakishatoka.

Wahadhiri watatu,
Lushoto, Tanga