Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Urithi Shuleni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi chini ya maturubai haya yenye joto.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 1981 UNESCO iliingiza Serengeti katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka huohuo yakaingia pia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Tulipouliza darasani nani anaijua Serengeti, mikono yote ilikwenda juu. Tulipouliza Kilwa, mwenzetu mmoja alisema anaijua vizuri: ni ile barabara ya kwenda Mbagala. Hapo ndipo klabu ilipoamua safari ya mwaka huu.

Tulianza kwa kosa letu wenyewe. Tulifika pwani ya Kilwa Masoko mapema, tukapatana na nahodha, ndipo tukaulizwa kibali cha kuingia kisiwani. Hatukuwa nacho. Tukarudi mjini kukifuatilia, na nusu ya asubuhi ikapotea. Tunalisema hadharani ili klabu itakayotufuata ianzie ofisini, isianzie kwenye mashua.

Ukivuka unapokewa na Gereza, ngome iliyo ukingoni kabisa mwa maji. Wareno walijenga ngome hapo baada ya kuuvamia mji mwaka 1505. Inayoonekana leo ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Hatukukaa sana. Kilichotunyamazisha ni Msikiti Mkuu. Mzee aliyetuongoza, mkazi wa kisiwani, alituambia tuache kupiga picha kwanza, tuweke viganja ukutani. Jiwe ni la matumbawe. Ukilisogelea unaona vitundu vidogo vyenye umbo la nyota, alama za viumbe walioishi baharini kabla jiwe halijachimbwa. Na chokaa iliyoyashika mawe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Mji mzima, kumbe, ulivuliwa kama samaki.

Mzee akatusimulia pia jinsi kisiwa kilivyonunuliwa na Mshirazi kwa vitambaa vya kutosha kukizunguka chote. Wanahistoria wanaibishia simulizi hiyo. Sisi tuliisikiliza hadi mwisho, maana namna alivyopima vitambaa kwa mikono yake haimo katika kitabu chochote.

Husuni Kubwa iko juu ya jabali, mwendo kidogo kutoka hapo. Ni kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na ndani yake kuna bwawa la kuogea lenye pembe nane. Huyo ndiye sultani aliyekutwa na Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, mwaka 1331, zama ambazo dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ilipitia Kilwa. Kwa ukarimu wake watu walimwita Abul-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Jina hilo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tutalirudia tukifika kwenye maombi.

Tukiwa bado tunahesabu karne, mama mmoja alipita katikati yetu na ndoo kichwani, akatusalimu, akaenda zake. Kisiwa kina watu. Tangu siku hiyo tumeacha kukiita magofu matupu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunataka kwenda Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia katika orodha hiyo mwaka 2006. Baadhi ya miamba ile wenyeji bado wanaitumia kwa matambiko, hivyo hatupendi kuvamia. Tunaomba barua ya kututambulisha kwa uongozi wa kijiji na wazee kabla hatujafunga mabegi. Tunaomba kinasa sauti, kwa sababu simulizi za Kilwa tulizirekodi kwa simu ya mwalimu, na chaji ikaisha mzee akiwa katikati ya vitambaa. Na tunaomba kusaidiwa nauli, kwani wapo wenzetu waliobaki nyumbani safari iliyopita, nao ndio waliochora ramani tuliyoitumia.

Mheshimiwa Abul-Mawahib, samahani, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Historia.