Paa la kutoa: nani kafunga loki?

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita kuna msomaji aliandika hapa akilalamikia watu wanaopakia magodoro na mbao juu ya gari bila kufunga kamba vizuri. Namuunga mkono asilimia mia, ila nataka niongezee kitu ambacho hakukigusa, nacho ni gari kudondosha paa lake lenyewe. Msicheke. Nazungumzia zile gari ambazo kipande cha paa juu ya dereva na abiria kinatoka chote, unakinyanyua, unakiweka kwenye buti, unaendesha huku jua linakupiga utosini. Limenikuta hilo na usukani nilikuwa nimeushika mimi.

Tulikuwa wawili, mi na rafiki yangu, gari ni lake ila siku ile alinipa niendeshe. Paa tulilitoa tangu asubuhi, mchana wingu likaanza kujikusanya, tukasimama pembeni tulirudishe haraka haraka, ye kashika upande wake mi wangu, tukaingiza zile pini za nyuma kwenye matundu yake halafu tukashusha mbele taratibu, likakaa safi kabisa, ungeliona ungesema limetoka kiwandani leo. Tone la kwanza likadondoka, kila mtu mbio kwenye siti yake. Loki za mbele ziko mbili, kila upande moja, na zinafungwa kwa ndani. Mi nikajua kafunga yeye maana gari ni lake. Ye akajua nimefunga mimi maana dereva ndo anakagua. Basi tukaondoka, paa limekaa kwa uzito wake tu.

Mwanzo kulikuwa na kafilimbi hivi kwenye kona juu ya paji langu la uso, mwenzangu akaongeza sauti ya redio. Tulipofika kwenye 80 nikaona mstari wa mwanga kati ya paa na fremu ya kioo cha mbele, upana wa kidole. Akanyoosha mkono alishike. Hakuwahi. Nilichokiona kwenye kioo cha kati ni kipande kimesimama wima hewani kinajigeuza polepole kama hakina haraka, kikatua katikati ya njia yetu, na nyuma kuna lori. Yule dereva alikanyaga breki akakikwepa, hakuumia mtu, Mungu mkubwa, ila maneno aliyotwambia gazeti lako haliwezi kuyachapa.

Nikaanza kujiuliza imekuwaje, maana kile kipande si karatasi bwana, kina kilo zake. Kumbe uzito wenyewe si kitu. Kioo cha mbele kinausukuma upepo juu, upepo unapita kasi juu ya paa, presha ya pale juu inashuka, hewa iliyo ndani ya gari inabaki inasukuma kwenda juu. Na nguvu hiyo haipandi sawa na spidi: ukitoka 50 kwenda 100 inakuwa mara nne. Nikapiga hesabu ya haraka, kwenye kilomita 100 kwa saa upepo una presha kama ya kilo 47 kwa kila mita moja ya mraba, sasa hata nusu tu ya hiyo ikivuta paa lenye ukubwa huo, ni zaidi ya kilo 20 zinanyanyua. Hapo ukingo wa mbele bado haujaachia, ukiachia kidogo tu upepo unaingia chini yake na habari imeisha. Kwa hiyo wewe unayesema "nalishika kwa mkono mpaka pale mbele tu", acha.

Haya mapaa si mapya. Porsche walionyesha 911 Targa mwaka 1965, jina wakalitoa kwenye mashindano ya Targa Florio kule Sicily, Chevrolet nao wakaleta Corvette yenye paa la vipande viwili kwenye modeli ya 1968. Corvette ya modeli ya 1984 ilikuwa na kipande kimoja cha kufunga kwa bolti, kila mara utoe spana, wengi waliona kero. Mi naona ile kero ilikuwa na faida yake, maana ukiwa na spana mkononi huwezi kujidanganya kwamba kuna mtu mwingine kafunga.

Na hapo ndo hoja yangu Mhariri. Kunyanyua paa ni kazi ya watu wawili, peke yako utalikwaruza au uvunje kona. Ila kufunga loki iwe kazi ya mtu mmoja, na huyo awe ni yule anayekaa kwenye usukani. Asiulize "umefunga?" kwa sababu jibu la hapo ni "eeh" siku zote. Afunge mwenyewe zote, halafu aweke kiganja chini ya kila kona asukume juu kwa nguvu, likicheza hata kidogo hakuna safari. Maana loki nayo ina ujanja wake, ile raba ya kuziba ukingo wa paa ikiwa mpya au imevimba kipande hakishuki mpaka chini, mkono wa loki unalala vizuri tu kumbe ndoano imepita pembeni haijashika kitu. Kwa jicho huoni. Taa ya dashibodi usiisubiri, gari nyingi za zamani hazina hiyo taa ya paa.

Hata ukiliweka kwenye buti lifunge kwenye vishikio vyake, breki moja ya ghafla linakuja mbele kukusalimia. Na kale kafilimbi usikafunike na redio, punguza mwendo taratibu, toka barabarani, angalia.

Kile kipande tulikiokota kimepasuka kona mbili, tukarudi tumelowa chapachapa. Mwenzangu mpaka leo anasema loki zilikuwa zamu yangu.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku.