Matokeo ya utafiti yaje na masharti yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie habari za utafiti mnazotuletea. Nazisoma zote, ziwe za fizikia, hisabati, wanyama, tiba au sheria, na nashukuru kwamba bado mnazitengea ukurasa. Lalamiko langu ni moja. Mtafiti huandika matokeo yake pamoja na masharti: nimepima kundi hili, kwa kipimo hiki, nikichukulia kwamba jambo fulani ni kweli. Habari ikitufikia wasomaji, matokeo yapo ila masharti hayapo. Hasara huzidi pale matokeo ya taaluma moja yanapochukuliwa na watu wa taaluma nyingine, maana wapokeaji hawana namna ya kujua kilichopungua njiani.

Mfano unaoniuma kuliko yote ni wa Sally Clark, aliyekuwa wakili Uingereza. Watoto wake wawili wa kiume walifariki wakiwa wachanga, mmoja Desemba 1996, wa pili Januari 1998. Alishtakiwa kwa kuwaua, na Novemba 1999 akahukumiwa kifungo cha maisha. Katika kesi hiyo daktari bingwa wa watoto aliieleza mahakama kwamba uwezekano wa watoto wawili wa familia kama ile kufa kwa vifo vya ghafla visivyo na sababu inayojulikana ni 1 katika milioni 73. Namba hiyo ilipatikanaje? Utafiti ulikuwa umekadiria kwamba katika familia yenye kipato, isiyo na mvutaji sigara, na ambayo mama amevuka miaka 26, kifo cha namna hiyo humpata mtoto 1 kati ya 8,543. Namba hiyo ikazidishwa kwa yenyewe, basi.

Kila anayeanza somo la uwezekano hufundishwa kwamba kuzidisha hivyo kunaruhusiwa pale tu matukio mawili yanapokuwa hayahusiani. Ukirusha sarafu mara mbili, mrusho wa kwanza haubadilishi chochote katika wa pili. Lakini watoto waliozaliwa na baba na mama wamoja wana jeni za pamoja na wanalala chini ya paa moja. Kama kuna udhaifu wa kurithi uliomwondoa wa kwanza, wa pili yumo hatarini kuliko mtoto mwingine yeyote. Sharti la hisabati halikuwepo, hivyo jibu nalo halikuwa na pa kusimama.

Tena, hata kama hesabu ingekuwa sahihi, haikujibu swali lililokuwa mbele ya mahakama. Vifo viwili vilikuwa vimeshatokea. Kilichotakiwa ni kupima maelezo mawili, yote adimu, dhidi ya mwenzake, kwa kuwa mama kuwaua watoto wake wawili wachanga nako ni jambo adimu mno. Ukitaja uadimu wa upande mmoja tu, msikilizaji anaondoka akiamini kwamba nafasi ya mshtakiwa kuwa hana hatia ndiyo hiyo 1 katika milioni 73. Chama cha Kifalme cha Takwimu cha Uingereza kilitoa tamko mwaka 2001 kikisema namba hiyo haina msingi wa kitakwimu. Clark aliachiwa huru Januari 2003, baada ya kubainika pia kwamba majibu ya vipimo vya bakteria vya mtoto wa pili hayakuwa yamekabidhiwa kwa mawakili wa utetezi. Alifariki mwaka 2007.

Daktari yule alikuwa anaheshimika katika fani yake. Takwimu haikuwa fani yake, na hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu heshima ya mtu katika jambo analolijua huvuka naye hadi kwenye jambo asilolijua, wala hakuna anayemsimamisha mpakani.

Utafiti unaweza pia kuvuka na kuokoa. Nchini Australia, Kathleen Folbigg alitiwa hatiani mwaka 2003 kwa vifo vya watoto wake wanne. Miaka mingi baadaye wataalamu wa jeni waligundua kwamba mabinti zake wawili walikuwa na badiliko katika jeni iitwayo CALM2, ambalo linaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua ghafla. Alisamehewa Juni 2023, akiwa amekaa gerezani miaka 20, na Desemba mwaka huohuo mahakama ikafuta hukumu zake. Safari hii wanasheria waliwaketisha wanasayansi na kuwasikiliza pamoja na masharti yao: nini kina uhakika, nini kinawezekana tu.

Upande wa tiba, kuna habari ambayo kila mhariri anayepokea kichwa cha “dawa yafaulu kwa wanyama” angepaswa kuijua. Machi 2006, mjini London, wanaume sita wenye afya njema walidungwa dawa ya majaribio iliyoitwa TGN1412. Kipimo walichopewa kilikuwa sehemu 1 ya 500 ya kile ambacho tumbili walikuwa wamekistahimili bila madhara. Walidungwa mmoja baada ya mwingine kwa kupishana dakika chache. Haikupita saa mbili wakaanza kuumwa kichwa, kutapika na kutetemeka, na wote sita wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vyao vya ndani vikishindwa kufanya kazi. Walinusurika. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kwamba seli fulani za kinga za binadamu zina kipokezi (sehemu ya juu ya seli ambayo dawa hujishikiza) ambacho dawa ile ilikilenga, ilhali seli za aina hiyohiyo za tumbili wale hazina. Matokeo ya tumbili yalikuwa ya kweli kabisa, kwa tumbili.

Hata tabia za wanyama zimetumika vibaya hivyohivyo. Simulizi ya dume kiongozi anayetawala wenzake kwa mabavu ilitokana kwa sehemu kubwa na utafiti uliochapishwa mwaka 1947 juu ya mbwa mwitu (wale waitwao wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. David Mech, mtafiti wa wanyama hao aliyekuwa miongoni mwa walioieneza simulizi hiyo, aliandika mwaka 1999 kwamba porini kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni familia, yaani wazazi na watoto wao. Marekebisho yake hayajawafikia wengi wanaofundisha uongozi wa watu kwa kutumia mnyama yule wa kifungoni.

Wanafizikia wamewahi kutuonyesha njia iliyo bora. Septemba 2011, kundi la watafiti liitwalo OPERA lilitangaza kwamba nyutrino, yaani chembe ndogo mno, zilizotoka CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, zilifika maabara ya Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, zikiitangulia nuru kwa takriban nanosekunde 60 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Watafiti wenyewe walisema wametafuta kosa bila kulipata, wakawaomba wenzao wachunguze. Vyombo vingi vya habari vikaandika kwamba Einstein, ambaye nadharia yake inasema hakuna kinachoishinda nuru kwa kasi, ameangushwa. Mwaka 2012 ikabainika kuwa kebo moja ya nuru katika mitambo yao ya kupimia muda haikuwa imekazwa vizuri. Waliojifunza jambo la kwanza tu ni wengi, na hilo halikusababishwa na wanafizikia.

Kwa hiyo ninaomba, Mhariri, kwamba aya ya kwanza ya kila habari ya utafiti itaje ni nani au nini kilichopimwa: panya, hesabu za kompyuta, watu wachache waliojitolea, au maelfu waliogawanywa katika makundi kwa bahati nasibu. Mkichapisha ugunduzi ukurasa wa mbele, kuanguka kwake kusifichwe chini ya matangazo. Hata uthibitisho wa mwanahisabati Andrew Wiles wa kanuni ya mwisho ya Fermat, fumbo la karne nyingi, uliotangazwa Juni 1993, ulikutwa na pengo lililozibwa mwaka uliofuata, na msomaji aliyesikia tangazo la kwanza anastahili kusikia na hayo. Na mtaalamu wa fani moja akitoa namba ya fani nyingine, hasa katika kesi ambayo uhuru wa mtu umo mezani, mwandishi wenu ampigie simu mtakwimu kabla gazeti halijaenda mtamboni.

Msomaji wako wa siku nyingi