Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi: Turuhusuni tuimbe Kiswahili

Ndugu Mwenyekiti,

Salamu kutoka Tanga. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako hazikujibiwa, na kila nikimpigia katibu wako naambiwa suala langu linafanyiwa kazi.

Jumamosi iliyopita, kwenye mchujo wa kumpata mwakilishi wetu nje ya nchi, kikundi chetu kiliimba na ukumbi mzima ukasimama. Tuliposhuka jukwaani, mjumbe wa kamati yako alituita pembeni. Akasema sauti ni nzuri, wimbo ni mzuri, nafasi ni yetu, ila tuuweke kwa Kiingereza kabla majina hayajapelekwa, maana majaji wa huko hawatatuelewa. Tukamuuliza kama kanuni za shindano zinadai hivyo. Akajibu hazidai, lakini ndivyo wenzetu wanavyoshinda.

Wenzetu gani, Ndugu Mwenyekiti? Tazama Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya. Kuna miaka walilazimisha kila nchi iimbe kwa lugha yake. Tangu 1999 kila mtu anachagua mwenyewe. Kiingereza kimeshinda mara nyingi tangu hapo, sibishi. Lakini Serbia ilishinda 2007 kwa Kiserbia. Ureno ilianza kushiriki 1964, ikakaa zaidi ya nusu karne bila ushindi, na ilipokuja kushinda 2017 ilishinda kwa Kireno, kijana mmoja tu na kipaza sauti, bila wacheza shoo. Mwaka 2021 Italia ilichukua kwa Kiitaliano, ikifuatwa na nyimbo mbili za Kifaransa. Ukraine wakachukua 2022 kwa Kiukreni. Waliowapa kura wote hao walikuwa wanajua lugha hizo?

Tuje kwetu. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, na wala hakubadilisha lugha ili Wazungu wamsikilize. Christopher Tin, Mmarekani, alichukua maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili akayatungia muziki wa mchezo wa kompyuta, na mwaka 2011 akaondoka na Grammy. Mgeni anabeba tuzo kwa Kiswahili, halafu sisi wa Tanga, mji wa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, tunaambiwa tukiache nyumbani!

Usidhani tulikataa kwa kiburi. Tumejaribu. Mtafsiri tulimlipa kwa pesa tuliyokopa kwenye kikoba, na marejesho yameshaanza. Mimi ni fundi cherehani; wiki hii nguo za wateja zimelala dukani kwa ajili ya mazoezi, na mmoja amekuja kuchukua kitambaa chake akampelekea fundi mwingine. Wimbo wetu una mizani 8 kwa 8, na mpiga dumbaki anagonga pale kina kinapoangukia. Kwenye Kiingereza mistari mingine imerefuka, mingine imekatika, na kina hakionekani kiko wapi. Mpigaji wetu, mtu mzima aliyezeeka na ngoma, sasa anahesabu kwa midomo. Mwimbaji wetu ameandika matamshi kwa kalamu kwenye kiganja. Akifika kwenye kiitikio, pale alipokuwa anafumba macho na watu wanalia, sasa anainamia mkono. Jasho likifuta wino, anakwama. Juzi alikaa chini akaniambia, "Mwalimu, mtafute mwingine." Binti huyo ndiye aliyeusimamisha ukumbi wako.

Sijui mnamwogopa nani. Pengine ni mfadhili. Pengine ni sisi wenyewe, tuliovishwa vibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema Kiswahili, na mpaka leo tukimwona mgeni tunaona aibu ya lugha yetu. Kama ni hilo, tafadhali msimrithishe binti huyu.

Nakukumbusha pia, kwa heshima, ulichosema mwenyewe. Siku ya Kiswahili, 7 Julai, siku iliyotangazwa na UNESCO, ulisimama jukwaani ukaahidi kwamba wasanii watakaopita mikononi mwa kamati yako watakipeleka Kiswahili duniani. Nilikuwepo. Nilipiga makofi, na nikarudi nyumbani nikawaambia vijana wangu tutunge.

Kama shida ni majaji kuelewa, tafsiri ipo, tumeshailipia. Ichapisheni wagawiwe, isomwe kabla hatujapanda, ipite kwenye skrini wakati tunaimba. Hilo halitugombanishi. Nauli mkitupunguzia, tutachangishana. Sare tutashona wenyewe. Mkisema tuende wachache, tutapunguzana kwa maumivu. Ila wimbo tuachieni.

Majina bado hayajapelekwa. Naomba kabla hayajaondoka mezani kwako utuandikie mstari mmoja, wenye saini yako, kwamba tunaruhusiwa kuimba Kiswahili. Na kama jibu ni hapana, liandike pia, ili nikiwaambia vijana wasilaumu mjumbe wako wala mimi.

Wako katika sanaa,
Kiongozi wa kikundi,
Tanga